Uzito wa mtoto wa shule: kipimo kisikome akiwa na miaka 5

Wazazi wengi wa Kisaju wanakifahamu kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, chenye mstari unaopanda kila mtoto anapopimwa kliniki. Lakini rekodi hiyo huishia miaka 5. Mtoto akijiunga na shule ya msingi, mizani husahaulika hadi siku atakapougua.

Ilhali uzito hubadilika polepole, kwa miaka, na kwa pande mbili.

Upande wa kwanza ni kukonda. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kudumu misimu mitano ya mvua uliua mifugo wengi Kajiado, na maziwa yakaadimika nyumbani. Mtoto aliyekonda huugua kwa urahisi na huchoka darasani.

Upande wa pili ni unene. Katika utafiti uliofanyika katika nchi 12, takriban mwanafunzi 1 kati ya 5 waliopimwa Nairobi, wa miaka 9 hadi 11, alikuwa na uzito kupita kiasi. Maisha hayo ya mjini yanafuata barabara ya Namanga hadi Kisaju: chipsi, soda, na watoto wanaofika shuleni kwa bodaboda badala ya kutembea. Mtoto mnene husifiwa kuwa amenawiri, kumbe anaweza kupata kisukari au shinikizo la damu mapema.

Wazazi wanashauriwa kumpima mtoto uzito na urefu pamoja, mara moja kila muhula, na kuandika tarehe. Asilinganishwe na mtoto wa jirani; alinganishwe na vipimo vyake vya awali. Kati ya miaka 6 na 10, mtoto huongeza takriban kilo 2 hadi 3 kwa mwaka, na zaidi anapobalehe. Akipungua uzito, akirefuka mwaka mzima bila kuongeza kilo, au akinenepa haraka kuliko anavyorefuka, apelekwe kituo cha afya.

Asiye na mizani amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Tangu Septemba 2023, wahudumu hao wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia, ikiwemo mizani.

Mtoto mnene asinyimwe chakula. Apunguziwe soda na vya kukaangwa, na acheze angalau dakika 60 kila siku. Aliyekonda aongezewe maziwa, mayai, maharagwe na uji, na apewe dawa ya minyoo shuleni inapotolewa.