Kusimamisha Paneli za Sola Wima Shambani

Mkulima mwenye pampu ya sola huhitaji maji, na huhitaji pia nafasi ya kulima. Kwa hiyo wengine huuliza: je, paneli zaweza kusimamishwa wima mpakani, kama ua? Zaweza. Lakini kabla ya kuchimba mashimo, simama shambani saa sita mchana utazame kivuli chako. Kwetu karibu na Ikweta kivuli hicho ni kifupi sana, maana jua li utosini. Wakati huo paneli ya wima hupata mwanga kidogo tu, na pampu isiyo na betri yaweza kuzimika nyanya zikiungua kwa jua.

Ujerumani, karibu na Donaueschingen, paneli za wima zilijengwa mashambani mwaka 2020, na matrekta hupita katikati ya mistari. Lakini jua la kule halipandi juu kama letu.

Faida zake ni za kweli. Paneli ya wima huchukua upana mdogo wa ardhi, na vumbi haliikalii sana. Ikitazama mashariki na magharibi hutoa nguvu asubuhi na alasiri, saa zifaazo kumwagilia. Sharti iwe paneli ya nyuso mbili, ipokeayo mwanga mbele na nyuma. Ile ya kawaida, ambayo mgongo wake haupitishi mwanga, itakupotezea nusu ya siku. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

Mstari uende kaskazini hadi kusini. Yapata saa tatu asubuhi kivuli huwa kirefu sawa na kimo cha paneli, kuelekea magharibi. Saa tisa alasiri huwa vivyo hivyo kuelekea mashariki. Basi usipande nyanya hapo karibu. Nguzo zichimbiwe chini sana, kwa kuwa upepo huisukuma paneli kama tanga. Tena kioo kilicho chini huvunjwa na pembe za ng'ombe, na mwizi hahitaji ngazi.

Mwenye paneli moja au mbili tu afadhali asizisimamishe. Azilaze, akiinua upande mmoja kiasi cha sentimeta 20 kwa kila meta 1 ya paneli, ili mvua ioshe vumbi. Aliye kusini ya Ikweta azielekeze kaskazini, na aliye kaskazini azielekeze kusini. Tangi lijazwe adhuhuri, bustani imwagiliwe jioni.