Kupunguza Picha Bila Kuiharibu

Haneti, kaskazini mwa Dodoma, hujulikana kwa krisoprasi, jiwe ambalo nikeli hulipa rangi ya kijani. Tuseme jiwe hilo limerekodiwa kwa video ya nukta 1920 kwa 1080, nayo yatakiwa iingie katika diski ya DVD yenye nukta 720 kwa 576. Hapo kila nukta tano hupewa nafasi ya nukta moja. Nyingine zikitupwa ovyo, mishipa myembamba ya jiwe hukatika na kuchezacheza. Dawa yake ni kukokotoa wastani wa nukta jirani, na kupunguza mara moja tu. Kwa biti milioni 8 kwa sekunde, picha za saa moja huchukua gigabaiti 3.6, diski hubeba 4.7. Video asilia itunzwe, kwani kilichopotea hakirudi.