Gesi Inayokamua Mafuta ya Bangi

Tangu Rwanda itoe kanuni za kulima na kusindika bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, mwaka 2021, wasomaji wamekuwa wakiuliza kuhusu mafuta yake. Swali lililonivutia zaidi limetoka Pemba: kwa nini bangi isitolewe mafuta kwa mvuke, kama makonyo ya karafuu pale Wawi?

Kwa sababu yujinoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, ni nyepesi, hupanda pamoja na mvuke. Kanabinoidi, kemikali zinazotafutwa katika bangi, ni nzito na zimenata ndani ya utomvu wa vinyweleo vya ua. Hazitoki mpaka ziyeyushwe. Ndipo linapokuja suala la kiyeyushi.

Ethanoli hufanya kazi vizuri, ila hubeba na klorofili, mafuta yakawa ya kijani na machungu. Butani huchemka karibu na nyuzi sifuri za Selisiasi, kwa hiyo huondoka upesi. Lakini cheche moja tu yatosha kulipua chumba, na huko Marekani watu wameungua vibaya kwa kuijaribu majumbani. Mwaka 2013 Luigi Romano na Arno Hazekamp walilinganisha nafta, etha ya petroli, ethanoli na mafuta ya zeituni. Nafta na etha ya petroli ziliacha mabaki ya petroli ndani ya dawa. Wao waliyapendelea mafuta ya zeituni, ingawa hayo hayawezi kuvukizwa yakaondoka.

Kiyeyushi kinachonisisimua mimi ni kaboni dioksaidi, hewa ileile tunayoitoa puani. Ipashe joto kupita nyuzi 31, igandamize kupita shinikizo la hewa mara 73 hivi, nayo huacha kuwa gesi bila kuwa kimiminika. Nimetafuta jina la hali hii. “Gesi nzito” halitoshi, maana hupenya kama gesi huku ikiyeyusha kama kimiminika. Naiita giligili pindukifu, kwa kuwa imepindukia mpaka baina ya hali mbili.

Fikiria mahamali katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Gunia la karafuu liko ndani ya ua. Hamali mmoja mmoja hupita popote, lakini peke yake hawezi kulinyanyua; hiyo ndiyo gesi ya kawaida. Kundi lililoshikana mabega hulinyanyua, ila hukwama kichochoroni. Hicho ndicho kimiminika. Giligili pindukifu ni mahamali wengi wa kutosha kunyanyua, wasioshikana, kila mmoja akijipenyeza. Na idadi yao iko mkononi mwa fundi: akiongeza shinikizo wanajaa, wanabeba magunia mazito, akilipunguza kidogo wanabaki wachache, wanachukua vifurushi vyepesi vya manukato tu. Kazi ikiisha hufungua vali, mahamali wote hutawanyika, na gunia hubaki sakafuni, kavu, bila alama ya mkono.

Kurt Zosel, mwanakemia wa Mülheim, Ujerumani, aliugundua uwezo huu miaka ya 1960, na viwanda vikautumia kuondoa kafeini katika kahawa. Leo hukamua pia hopu za bia, mmea wa ukoo mmoja na bangi. Epidiolex, dawa ya kifafa kikali cha watoto iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hutokana na bangi iliyokamuliwa kwa kaboni dioksaidi iliyogandamizwa ikawa kimiminika.

Mitambo ya kukamua kwa kaboni dioksaidi ni ghali, kwani lazima istahimili shinikizo kubwa. Hata hivyo, kwa dawa atakayopewa mtoto kila siku, sioni kiyeyushi kinachoishinda kaboni dioksaidi: haishiki moto, na vali ikifunguliwa huondoka yenyewe. Kiwanda chochote cha eneo letu kitakachoingia katika kazi hii kianze nayo, na mgonjwa asipewe kamwe mafuta yaliyokamuliwa kwa nafta.