Unyonge wa Punda: Chanzo Chake, Dalili Zake na Namna ya Kuushughulikia

Wilaya ya Bunda, mkoani Mara, imepakana na Ziwa Victoria upande wa magharibi na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa mashariki. Katika mazingira haya farasi ni mnyama wa nadra. Mbung'o wanaoeneza nagana, pamoja na virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, vimemfanya mnyama huyo ashindwe kustawi katika maeneo mengi ya ukanda wa joto. Kazi ambayo kwingineko hufanywa na farasi, hapa hufanywa na punda. Yeye ndiye hubeba madumu ya maji, kuni, magunia ya nafaka na mizigo ya kwenda mnadani.

Punda anapoanza kuzubaa, kujitenga na kukataa chakula, jibu la haraka la watu wengi ni kwamba amekuwa mvivu au mkaidi, naye huchapwa fimbo. Jibu hilo ni kosa lenye gharama kubwa. Kwa punda, unyonge ni dalili ya kitabibu. Mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kuonekana, na wakati mwingine ndiyo pekee, kabla ya mnyama kuanguka na kufa. Zaidi ya hayo, baadhi ya magonjwa yanayomfanya punda awe mnyonge yanaweza kumuua binadamu anayemtunza. Kwa hiyo jambo hili linamhusu mhudumu wa afya na mgonjwa wake, kama linavyomhusu mfugaji.

Kwa nini punda huficha maumivu

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha kwamba punda alianza kufugwa barani Afrika takribani miaka 7,000 iliyopita. Wahenga wake waliishi katika nchi kame, wakiwindwa na wanyama wakali. Mnyama aliyeonesha udhaifu ndiye aliyeliwa kwanza. Urithi huo ungalipo. Farasi akitishwa hukimbia, lakini punda husimama tuli na kupima hali, na kusimama huko ndiko watu wanakokuita ukaidi. Hata katika maumivu wanyama hawa wawili hutofautiana. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaragara, hujipiga teke tumboni na kutoa jasho. Punda mwenye ugonjwa uleule anaweza kusimama kimya, kichwa kikiwa chini, na asioneshe jambo jingine lolote.

Kwa sababu hiyo, unyonge mdogo kwa punda unaweza kuwa alama ya ugonjwa mkubwa. Anayesubiri dalili kali zaidi ndipo atafute msaada, kwa kawaida huchelewa.

Je, mnyama huyu huhuzunika?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes nchini Ufaransa walilichunguza swali hili kwa farasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwafuatilia farasi 59 wa kazi. Takribani robo yao walionekana mara kwa mara wakiwa wamesimama bila kujishughulisha, macho yakiwa wazi lakini yasiyotazama kitu, shingo ikiwa imenyooka usawa wa mgongo, na masikio hayachezi. Farasi hao hawakushtuka walipoguswa kama walivyoshtuka wenzao, ilhali waliingiwa na hofu zaidi walipokutana na kitu kigeni. Watafiti waliita hali hiyo hali inayofanana na sonona. Hawakudai kwamba farasi huhuzunika kama binadamu, ila walithibitisha kuwa mnyama wa kazi anaweza kujifungia mbali na mazingira yake.

Kwa punda, suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya urafiki. Punda wengi huchagua mwenza mmoja, wakala pamoja, wakasimama pamoja na kusuguana shingo. Mwenza huyo akiuzwa, akiibwa au akifa, anayebaki anaweza kuacha kula kabisa. Hapo huanza hatari ambayo wafugaji wengi hawaijui. Mwili wa punda asiyekula huyeyusha akiba yake ya mafuta na kuyamwaga katika damu kwa wingi. Mafuta hayo huziba ini na kuharibu figo, na mnyama huweza kufa katika siku chache. Walio katika hatari zaidi ni majike wenye mimba kubwa au wanaonyonyesha, wazee, na punda wanene. Kwa hiyo unene haumpi punda kinga ya njaa, bali humwongezea hatari anapoacha kula.

Ni kwa sababu hii wataalamu hushauri kwamba punda akifa, mwenzake aachwe karibu na mzoga kwa muda mpaka yeye mwenyewe auache, iwapo kifo hakikutokana na ugonjwa wa kuambukiza. Baada ya hapo asibaki peke yake, na ulaji wake ufuatiliwe kila siku kwa majuma kadhaa.

Vyanzo vikuu vya unyonge

Kabla ya kuhitimisha kwamba punda ana huzuni, maumivu na maradhi sharti yatafutwe kwanza. Kwato zilizorefuka au zenye usaha, meno yenye ncha zinazochana shavu, vidonda vya mgongoni vinavyotokana na tandiko bovu, minyoo, na magonjwa yaenezwayo na kupe au mbung'o ni miongoni mwa vyanzo vinavyopatikana mara nyingi.

Mzigo nao ni chanzo. Dumu moja la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa kilo 20, hivyo madumu manne ni kilo 80. Punda wengi wa Afrika Mashariki ni wadogo, na wengi wao hawafikii kilo 200. Mzigo huo ni sawa na karibu nusu ya uzito wa mwili wake au zaidi, naye huubeba mara kadhaa kwa siku, aghalabu kwenye jua kali na kabla hajanywa maji yeye mwenyewe. Msemo usemao «punda afe, mzigo ufike» huwatia watu moyo wa kutokata tamaa kazini, lakini kwa mfugaji ni hesabu ya hasara. Punda akifa leo, mzigo wa kesho unahamia kichwani kwa mama wa nyumba, au kwa binti ambaye angekuwa darasani. Mhudumu wa afya huyaona matokeo ya uhamisho huo kliniki, kwa mjamzito aliyechoka na mama mwenye maumivu sugu ya mgongo na shingo.

Pale unyonge wa punda unapotishia binadamu

Hatari ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Si kila mnyama mwenye ugonjwa huu huwa mkali. Punda aliyeumwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye virusi anaweza kuzubaa, kushindwa kumeza, kudondosha mate na kuyumba. Mfugaji akidhani amekwamwa na kitu kooni, humwingiza mkono kinywani, na mate yenye virusi hupenya katika mchubuko wowote wa ngozi. Kitendo hicho kisifanyike kamwe. Aliyekwisha kugusana na mate hayo aoshe sehemu husika kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo ili apatiwe chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mhudumu anayempokea mtu huyo asimrudishe nyumbani kwa hoja kwamba hakuumwa na mbwa, kwa maana punda na ng'ombe pia huambukiza. Utafiti uliofanyika katika eneo la ikolojia ya Serengeti umeonesha kuwa wanaovihifadhi virusi hivyo ni mbwa wa kufugwa. Kwa hiyo kinga ya punda, na ya mwenye punda, huanza kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa kijiji.

Hatari ya pili ni mbung'o. Punda mwenye nagana hukonda ilhali anakula, huchoka upesi, utando wa jicho hupauka, na pengine tumbo huvimba upande wa chini. Si kila aina ya vimelea vya nagana humwambukiza binadamu, lakini mbung'o wa ukanda huohuo wanaweza kueneza malale. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, ikiwamo Serengeti, waliugua malale. Kwa hiyo punda wengi wanapokuwa wanyonge katika kijiji kilicho kando ya hifadhi, hiyo ni taarifa kwa kituo cha afya pia. Mgonjwa anayetoka huko akiwa na homa isiyokoma, na kipimo cha malaria hakioneshi kitu, damu yake ichunguzwe kwa hadubini kutafuta vimelea vya malale.

Hatari ya tatu ni pepopunda, ugonjwa ambao jina lake la Kiswahili limemtaja mnyama huyu. Bakteria wake huishi katika udongo na katika matumbo ya punda na farasi, hutoka na kinyesi, na huingia mwilini kupitia jeraha. Punda mwenyewe hukakamaa miguu na taya. Kwa anayefagia zizi kila siku, chanjo ya pepopunda iliyokamilika na usafi wa majeraha, hata yale madogo, ni kinga ya lazima. Samadi isipakwe kwenye kidonda wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga.

Uchunguzi wa nyumbani

Mfugaji aanze kwa kumtazama punda kwa mbali, kabla mnyama hajatambua kuwa anatazamwa. Je, yuko na wenzake au kajitenga? Masikio yanafuata sauti au yamelegea pembeni? Anatafuna kweli, au anashika majani kinywani bila kumeza? Punda mgonjwa huweza kujifanya anakula, hivyo kipimo cha kweli ni chakula kilichopungua na kinyesi kilichotoka.

Kisha asogee taratibu na kukagua kwato, mgongo, macho na ufizi. Joto la punda mzima mwenye afya ni wastani wa nyuzi 37 za Selsiasi. Moyo wake hupiga takribani mara 44 kwa dakika na hupumua takribani mara 20 kwa dakika akiwa ametulia. Vipimo vinavyozidi sana hapo, kwa mnyama aliyepumzika kivulini, vinahitaji mtaalamu.

Punda aliyekataa chakula kwa siku nzima ni mgonjwa wa dharura. Afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo aitwe siku hiyo, bila kungoja mnada ujao. Wakati wa kumsubiri, mnyama awekwe kivulini pamoja na mwenza wake, apewe maji safi na majani mabichi anayoyapenda, na asibebeshwe kitu chochote. Asipewe vidonge vya kutuliza maumivu vya binadamu. Dozi yake ni tofauti, na baadhi ya dawa hizo zinaweza kutoboa utumbo au kuharibu figo.

Matunzo yanayozuia unyonge

Punda asifugwe peke yake, na wanaopendana wasitenganishwe kazini wala sokoni bila sababu. Anywe maji kabla ya safari na baada yake. Tandiko liwe na godoro laini, na mzigo usiegemee upande mmoja. Kwato zikatwe kila baada ya wiki sita hadi kumi, na dawa ya minyoo itolewe kwa ushauri wa mtaalamu. Apate angalau siku moja kamili ya mapumziko kwa wiki. Mambo haya si hisani tu, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama na kumfanyisha kazi kupita uwezo wake.

Kumtunza punda aliyepo kumekuwa muhimu zaidi kwa sababu kumpata mwingine si rahisi. Jike hubeba mimba kwa takribani mwaka mmoja na huzaa mtoto mmoja, huku biashara ya ngozi ikiwa imepunguza idadi ya punda katika nchi nyingi za Afrika. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliridhia kusitisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15.

Wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita kaya kwa kaya wana nafasi nzuri ya kusaidia. Swali moja tu, «Wanyama wa nyumbani hawajambo?», likiulizwa sambamba na hali ya watoto, laweza kufichua mbwa asiyechanjwa, kisima kilicho mbali, au punda aliyesimama kimya nyuma ya nyumba tangu juzi bila kula.