Gitaa la Stili la Kuagiza: Tuni Kwanza, Mbao Baadaye

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mpigaji wa California aliyetaka gitaa la stili la kutengenezewa yeye mwenyewe alikwenda mjini Downey, kwenye karakana ya Paul Bigsby. Bigsby hakukulia kwenye useremala. Alikuwa fundi wa chuma, msimamizi wa zamani katika kiwanda cha pikipiki za Crocker, na mkono huo ulionekana katika kila alichokitoa. Pikapu alizisuka mwenyewe, vifuniko vyake akavisubu kwa alumini. Kwenye ubao wa mbele, ule unaotazama hadhira, alitia jina la mwenye gitaa kwa herufi kubwa. Joaquin Murphey, aliyejipatia sifa katika bendi ya Spade Cooley, alikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Speedy West alichukua lake mwaka 1948.

Watu wakiyaona magitaa hayo pichani husifia yale majina. Wajuzi huhesabu shingo. Mengi yalikuwa na shingo mbili au tatu, kila moja na nyuzi zake, kwa sababu kila shingo ilibeba tuni yake. Gitaa lisilo na pedali haliwezi kubadilishwa tuni katikati ya wimbo, kwa hiyo anayetaka tuni tatu jukwaani hana budi kulipia shingo tatu. Hilo halijabadilika hadi leo, na ndilo linalowaponyoka wengi wanaoagiza gitaa la namna hii kwa mara ya kwanza. Huanza kwa kuulizia aina ya mbao na rangi ya vanishi, wakati swali la tuni bado halijajibiwa.

Gitaa la stili hulazwa mapajani, au husimamishwa juu ya miguu ya chuma, nyuzi zikielekea juu. Vidole vya mkono wa kushoto havikandamizi nyuzi kwenye freti. Mkono huo hushika kipande cha chuma cha mviringo kilichosuguliwa kikalainika, ukakitelezesha juu ya nyuzi, na mkono wa kulia hukwanyua kwa vidole vilivyovishwa kucha za bandia. Chanzo chake ni Hawaii. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa Laie, kisiwani Oahu, mwaka 1874, na aliyekuza upigaji huo akiwa kijana wa shule mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1904 alivuka bahari kwenda Marekani bara, na baadaye akazunguka Ulaya kwa miaka kadhaa. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliueneza zaidi muziki wa Hawaii, kisha wapigaji wa country wakaudaka mlio ule.

Mashabiki wa country, na Kenya wako wengi wa kujaza ukumbi, wanaujua mlio huo hata kama hawajawahi kuliona gitaa lenyewe. Ule mlio mwembamba unaolia nyuma ya sauti ya Hank Williams katika “Your Cheatin' Heart” ni wa Don Helms, na gitaa lake halikuwa na pedali. Pedali zilipata umaarufu mwaka 1954, pale Bud Isaacs aliposikika katika wimbo wa Webb Pierce uitwao “Slowly” akivuta baadhi ya nyuzi kwa mguu huku nyingine zikiendelea kulia zilivyo. Wapigaji wengi wa Nashville wakahamia kwenye pedali, na viwanda vikawafuata. Kwa anayetaka gitaa jipya lisilo na pedali, lenye ubora wa kupanda nalo jukwaani, chaguo kubwa lililobaki ni fundi mdogo anayetengeneza moja moja kwa oda.

Fundi huyo akiwa makini, swali lake la kwanza litakuwa: unapiga tuni gani?

Chukua mfano wa C6, tuni inayohusishwa zaidi na Jerry Byrd, mzaliwa wa Lima, Ohio, aliyehamia Hawaii na kupiga bila pedali hadi alipofariki Honolulu mwaka 2005. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba, nyuzi sita ni C, E, G, A, C, E. Tatu za chini ni kodi ya C meja. Tatu za juu ni A maina. Sogeza chuma freti mbili mbele, utapata D meja na B maina bila kufanya lolote la ziada. Kinachokosekana ni kodi ya saba, ambayo bila hiyo wimbo wa country au wa dansi unapwaya. Dawa aliyoitumia Byrd ni nyepesi: pandisha uzi mnene kutoka C hadi C#. Nyuzi nne za chini sasa ni C#, E, G, A, yaani A7 kamili. Gharama yake ni kuipoteza C ya chini. Asiyetaka kuipoteza huongeza nyuzi ziwe nane, na hapo upana wa shingo, daraja, pikapu na chuma cha mkononi vyote hubadilika. Uamuzi mmoja wa muziki umeshabadilisha gitaa zima kabla fundi hajagusa msumeno.

Njia nyingine ya kupata kodi zilizokosekana ni kulaza chuma mshazari, ncha moja iwe kwenye freti hii na upande wa pili kwenye freti ya mbele au ya nyuma. Hapo ndipo urefu wa uzi, kutoka kidaraja cha juu hadi daraja la chini, unapoanza kumuumiza au kumsaidia mpigaji. Kampuni ya Fender, kwenye gitaa lake la Stringmaster lililotoka mwaka 1953, ilikuja kutengeneza urefu wa aina tatu: inchi 22.5, inchi 24.5 na inchi 26. Mafundi wengi wa sasa bado wanazungukia vipimo hivyohivyo. Tofauti ya inchi tatu na nusu ni ndogo kwenye karatasi. Mkononi ni kubwa. Kwenye inchi 22.5, freti ya kwanza iko milimita 32 kutoka kidaraja cha juu. Kwenye inchi 26 iko milimita 37. Mshazari wa freti mbili kuanzia hapo juu kabisa unakula milimita 62 kwenye gitaa fupi na 72 kwenye refu, na hapo bado hujahesabu upana wa nyuzi unazozivuka. Chuma cha kawaida cha gitaa la nyuzi nane kina urefu wa milimita 80 hivi. Kwa hiyo anayependa mishazari, kama walivyo wapigaji wengi wa mtindo wa Hawaii, ana sababu nzuri ya kuchagua gitaa fupi.

Gitaa refu nalo lina utamu wake. Uzi uleule, ukitunishwa noti ileile, unahitaji mkazo mkubwa zaidi kadiri unavyorefuka, na mkazo hupanda kwa mraba wa urefu. Kutoka inchi 22.5 hadi 26 ongezeko ni kama theluthi moja. Uzi uliokaza hivyo haubonyei ovyo chini ya uzito wa chuma, noti za chini hutoka safi, na freti za juu zina nafasi zaidi: baada ya freti ya 12, gitaa fupi linatoa milimita 16 tu kwa hatua moja, refu linatoa 18 na nusu. Mwenye sikio kali atazipenda hizo milimita mbili na nusu.

Lakini mkazo una mpaka wake, na hapa watu hudanganyika. Mpigaji anayetaka C6 ya nyuzi nane yenye G ya juu kabisa hugundua kwamba uzi wa kwanza unamkatikia kila mara kwenye gitaa la inchi 26, akakimbilia kununua mwembamba zaidi. Haisaidii. Uzi mwembamba hukazwa kwa nguvu ndogo zaidi, ni kweli, lakini una chuma kidogo cha kuhimili nguvu hiyo, na mahesabu mawili yanafutana. Kinachoamua kama uzi wa chuma utakatika ni noti unayoitaka na urefu wa uzi, unene haumo. Dawa ni mbili tu: teremsha noti au fupisha gitaa. Gitaa likishatengenezwa, dawa ya pili haipo tena. Ndiyo maana oda isiyotaja tuni ni oda ya kubahatisha.

Kuna kazi moja ndogo inayomtenga fundi wa stili na fundi wa magitaa ya kawaida, nayo iko kwenye kidaraja cha juu, kile kipande chenye mifereji karibu na vifunguo. Chuma cha mkononi kimenyooka. Kinatakiwa kugusa nyuzi zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo migongo ya nyuzi lazima ilingane. Uzi mnene ukiwa na kipenyo cha kama milimita 0.9 na mwembamba milimita 0.3, mfereji wa ule mnene lazima uchongwe milimita 0.6 chini zaidi ya ule wa mwembamba, na ya katikati ifuate kwa ngazi. Fundi huchonga kwa tupa nyembamba, akaweka rula ya chuma juu ya nyuzi na kuangalia mwanga kwa chini. Palipo na mwanga, uzi umezama na utatetema chini ya chuma kwa mlio wa kukwaruza. Mteja akibadilisha unene wa nyuzi baadaye, usawa huo wote umevurugika. Orodha ya vipenyo vya nyuzi ingepaswa kumfikia fundi kabla ya malipo ya awali.

Kuhusu mbao, maneno ni mengi kuliko ushahidi. Kwenye magitaa ya mlio wa asili yasiyo na umeme, kama yale ya shingo yenye uwazi ndani aliyoyatengeneza Hermann Weissenborn huko Los Angeles kwa mti wa koa wa Hawaii, mbao ndiyo sauti yenyewe. Kwenye gitaa la umeme hali si hiyo. Gitaa la umeme la kwanza kupata soko, lile la Rickenbacker la mwaka 1932 lililobuniwa na George Beauchamp, halikuwa na mbao hata kidogo. Lilisubiwa kwa alumini, likawa na kiwiliwili cha duara na shingo ndefu, na watu wakalibandika jina la Kikaango. Mlio wake unasifiwa hadi leo. Kasoro yake ilikuwa nyingine: taa za jukwaani zilipoipasha moto alumini, tuni iliyumba. Kampuni ikageukia bakelaiti mwaka 1935, na magitaa hayo ya bakelaiti, Byrd akiwa miongoni mwa walioyapenda, yakawa kipimo ambacho mafundi wengi bado wanakifukuzia. Kiwiliwili kigumu kisichotikisika, pikapu nzuri iliyo mahali pake, na daraja lisilolegea vinamfaa mpigaji wa umeme kuliko ubao wa bei mbaya.

Ubao wa freti ndiyo sehemu ambayo pesa hupotea kwa urahisi zaidi. Kwenye gitaa la kawaida ubao huo hukandamizwa kila siku, na miti migumu kama mpingo wetu ina maana. Kwenye stili uzi haugusi ubao hata mara moja. Zile freti ni mistari tu ya kuelekeza macho, na mistari iliyochapwa inafanya kazi ileile. Anayetaka mpingo kwa ajili ya uzuri asikatazwe, mradi ajue kwamba ananunua uzuri. Jamii nzima ya miti ambayo mpingo ni mmojawapo iliwekwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyamapori, mwaka 2017. Nafuu ya mwaka 2019 iliondoa masharti kwa ala zilizokamilika na vipuri vyake vilivyokwisha kutengenezwa, si kwa magogo na mbao mteja anazotaka kumpelekea fundi wa ng'ambo.

Ushahidi kwamba muziki ndio unaochora gitaa uko pia India. Upigaji wa Hawaii uliingia huko kabla ya uhuru, na wapigaji wa raga wakaona nyuzi sita haziwatoshi. Mmoja wao, Vishwa Mohan Bhatt, hakutafuta gitaa la kifahari. Alihitaji nyuzi za kuvuma noti ya msingi na nyuzi nyingine nyembamba za kuitikia zenyewe, kama zilivyo kwenye sitari. Akaziongeza, na ala hiyo inajulikana kama mohan veena. Albamu aliyorekodi nayo pamoja na mpiga gitaa wa Marekani Ry Cooder, “A Meeting by the River”, ilishinda tuzo ya Grammy mwaka 1994.

Kwa anayeagiza mara ya kwanza na bado hajajua mtindo utakaomkaa, shingo moja ya nyuzi nane yenye urefu wa inchi 22.5 au 24.5 ndiyo oda salama. Inabeba C6 bila shida, A6 pia, na nyuzi mbili za ziada zinampa mahali pa kuficha noti ya kodi ya saba. Shingo ya pili ingoje hadi tuni ya pili izoeleke mkononi, maana shingo mbili ni mzigo mzito wa kubeba kutoka gari hadi jukwaani, na nusu yake itakaa bure. Kabla ya kutuma pesa, mwombe fundi athibitishe kwa maandishi mambo manne: tuni, vipenyo vya nyuzi zote, urefu wa uzi, na nafasi kati ya uzi na uzi kwenye daraja la chini. Fundi asiyeweza kuyaandika hayo hajawa tayari kukutengenezea gitaa.