Loki za umeme zikigoma, usikimbilie mota

WENYE magari ya zamani huzoea mlango mmoja usiofunguka, wakisahau kwamba siku ya ajali au moto abiria anaweza kukwama ndani.

Milango yote ikigoma kwa pamoja, kagua kwanza fyuzi, kisha swichi ya dereva. Ukigoma mmoja, bonyeza swichi na usikilize. Mota ikilia bila kufunga, huenda fito inayoiunganisha na loki imechomoka, au gia zake zimelika.

Ikiwa kimya, kabla ya kununua mota nyingine, chunguza mpira ulio kati ya mlango na bodi, karibu na bawaba. Nyaya zilizomo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, hatimaye hukatika ndani huku plastiki ikibaki nzima, jambo linalowahadaa hata mafundi. Uvute kila waya taratibu, uliokatika hunyumbuka.