Risasi isiyotoka kwenye bunduki: Sumu iliyoingia Owino Uhuru kupitia moshi na maji

UKISIKIA mtu ameingiwa na risasi mwilini, utadhani ni mambo ya polisi na majambazi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, eneo la Mikindani, Mombasa, risasi iliingia bila mlio wowote. Iliingia kwa pumzi, kwa vumbi na kwa maji ya kunywa.

Madini ya risasi ndiyo hayo yanayotengenezewa vichwa vya risasi za bunduki, na ndiyo yaliyojaa ndani ya betri ya gari, tuktuk na sola. Betri ikifa haitupwi, kwa sababu ina pesa: inauzwa kwa mtu wa vyuma kuukuu, inavunjwa, na risasi yake inayeyushwa upya. Biashara halali kabisa, ila ikifanywa ovyo inaua.

Mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi Owino Uhuru, kikipakana na nyumba za watu takriban 3,000. Moshi ulitua juu ya mabati. Mvua iliponyesha, watu walikinga maji kutoka kwenye mabati hayohayo. Maji machafu ya kiwanda nayo yalipita katikati ya makazi, watoto wakichezea matope yake. Watu walihitaji kazi, na kiwanda kilikuwa na kazi.

Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka wa 2009. Mwanawe mchanga akaanza kuugua, na matibabu ya kawaida hayakumsaidia, hadi damu yake ilipopimwa na kukutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi akaanza kupambana. Mwaka wa 2012 alikamatwa kwa sababu ya maandamano, kisha mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Sasa, mbona watoto ndio huumia zaidi? Kwanza hutambaa na kutia mikono mdomoni. Pili, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima risasi anayoimeza. Humpunguzia damu, humchelewesha kukua na kuharibu ubongo unaojengwa. Mwalimu ataona mtoto mzito wa kushika masomo, amwite mvivu. Kumbe ni sumu!

Kwa watu wazima hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Ubaya wake mwingine ni kwamba hujificha kwenye mifupa miaka mingi. Msichana aliyekulia kwenye moshi anaweza kubeba mimba akiwa mbali na kiwanda, na risasi ikatoka mifupani kuelekea kwa mtoto aliye tumboni. Zipo dawa za kuinasa kwenye damu, lakini ubongo uliokwisha kuharibika hazirudishi.

Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na udongo usafishwe. Serikali ilikata rufaa, hukumu ikatenguliwa 2023, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kikianza alikuwa tayari na umri wa miaka 17.

Na usidhani haya yameishia Mombasa. Hapo mtaani kwenu huenda kuna jamaa anayepasua betri kwa shoka, asidi anamwaga mtaroni. Kama kazi hiyo ni yako au ya ndugu yako, oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto, na usile kabla ya kunawa. Na ukienda zahanati kwa maumivu ya tumbo, kichwa na uchovu usioisha, mwambie daktari kazi unayofanya. La sivyo utapimwa malaria, upewe tembe, urudi kazini.